Mwambie Jiwe Lina Moto

Crescent Town, Toronto, Jumapili, saa kumi jioni

Mwanangu Tumpe,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Asubuhi umekula mkate vipande vinne na mayai mawili, ukatoka bila kofia kwenda Thorncliffe kumuaga rafiki yako Zainabu, na tangu jana jioni hujanisemesha zaidi ya "okay" mbili. Yangu mimi ni hii: nimekaa huku chini kwenye chumba cha kufulia, juu ya kile kiti cha plastiki kilichovunjika mkono, nasubiri suruali zako za kazi zikauke. Mashine namba nne ndiyo inayozunguka nazo. Kuna msumari umesahau mfukoni, unagonga gonga humo ndani kama mtu anayebisha hodi.

Kuhusu soksi, kufunga mlango mara mbili na kula mboga, tumeshagombana vya kutosha, na orodha iko kwenye simu yako. Sirudii. Nataka kukuandikia habari ya siku moja tu, ile siku ya Uholanzi ulipokuwa na miaka tisa. Lakini nianze na jana, maana jana bado inaniwasha.

Jana ukumbini kanisani walikuja kukuombea safari. Pilau ilikuwepo, chapati zilikuwepo, na Mama Kevin wa ghorofa ya kumi na moja alikuwepo, yeye na sauti yake isiyohitaji kipaza sauti. Akakushika mikono yote miwili. "Haki huyu mtoto amekuwa mkubwa! Ati unaenda Holland? Unaenda kusomea nini, dear?"

Ukafungua mdomo. Nilikuona ukifungua mdomo. Na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na mwiko wa pilau, nikakuwahi.

"Uinjinia," nikasema. "Uinjinia wa majengo."

"Wow! Engineer! Si Mungu ni mwema!"

Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaomba Mungu ambariki injinia wetu huko aendako, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Nilipofumbua macho nikakukuta unaniangalia. Ukaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajamaliza kuzila, ukaenda nazo jikoni. Njia nzima ya kurudi nyumbani uliangalia dirisha la basi.

Wewe si injinia, Tumpe. Wewe ni seremala. Umesoma useremala miaka miwili hapa Toronto, umefanya kazi kwenye nyumba za watu mpaka viganja vyako vimekuwa vigumu kuliko vya baba yako anayeendesha lori, na kesho unakwenda Uholanzi mwaka mzima kwenye karakana ya mafundi wanaotengeneza vinu vya upepo vya zamani. Utachonga meno ya magurudumu ya mbao. Utabadilisha mabawa. Hayo ndiyo maneno yenyewe, ni machache, na hayana aibu yoyote ndani yake. Yakanishinda kuyasema mbele ya sahani ya pilau.

Lile jicho ulilonitazama nalo jana nalifahamu. Ulishanitazama hivyo mara moja, ndani ya kinu, mkono wako ukiwa unauma kwa sababu yangu.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Mimi na wewe tulikwenda Mbalizi, kwetu Mbeya, kumchukua Bibi aje kututembelea, na njia ya kurudi ilipita Amsterdam. Nikasema, kwa nini tupite tu juu kwa juu kama mizigo? Nikahangaika mpaka Bibi akapata viza zote mbili, ya Kanada na ya huko. Nikatafuta mtembezaji wa kwetu peke yetu, siku nzima, gari yake na yeye mwenyewe, asiyechanganya watu. Nilitaka mama yangu, aliyenisomesha kwa mashine ya kusaga, atembezwe kama mke wa balozi. Hiyo nia ilikuwa nzuri, na bado naitetea. Kilichoniharibikia ni mdomo.

Mtembezaji alikuwa Hanneke, mama mrefu mwenye skafu ya kijani, mchangamfu. Alimpenda Bibi tangu pale uwanja wa ndege. Kila alichoeleza alimalizia kwa kumgeukia yeye: "Na bibi, yeye anaonaje?" Akinitazama mimi nitafsiri.

Akatupeleka Leiden. Tukapanda mashua kwenye mifereji, nyumba zimepanga mstari pande zote, nyembamba, nyingine zimeinama kidogo. Hanneke akaeleza jinsi nchi yao sehemu kubwa ilivyo chini ya bahari. Nikamtafsiria Bibi. Akafikiri, akavuta shuka lake mabegani, akasema, "Kumbe hawa ni wakazi wa bondeni. Na serikali haikuja kuwawekea alama ya X ya kubomolewa?"

Wewe ulicheka mpaka ukakaribia kudondoka majini. Hanneke naye akacheka kwa kukuona wewe unacheka, akauliza, anasemaje? Nikajibu, "Anasema nyumba ni nzuri sana."

Ukaacha kucheka. Ukanitazama, ukamtazama Hanneke. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Mchana Hanneke akatununulia samaki wao wale wanaoliwa wabichi na vitunguu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Bibi akamwangalia yule samaki, akasema kwa upole wote, "Mwambie nashukuru kwa ukarimu wake, lakini huyu bado hajapikwa. Kama wana jiko nitawasaidia." Mimi nikasema samaki humdhuru. Kwa hiyo mama yangu, aliyekula samaki wa Ziwa Nyasa maisha yake yote, akaketi akila mkate mkavu, na Hanneke akimwonea huruma kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Unaona nilivyokuwa nafanya? Bibi aliongea mambo ya maana na ya kuchekesha siku nzima, na kutoka mdomoni mwangu zikatoka shukrani tu. Niliogopa wasije wakamwona mshamba. Sasa hivi naandika neno hilo na nalionea haya. Mshamba alikuwa nani siku ile, kama siyo mimi?

Halafu ndiyo tukaenda kwenye kinu.

Kilikuwa nje ya mji, kwenye kijiji ambacho jina lake sikuweza kulitamka wala kulikumbuka, ila Hanneke alituandikia nyuma ya kipeperushi, nami nimekitunza. Mabawa yalikuwa yamevalishwa turubai na yanazunguka. Mimi nilidhani tunakwenda kupiga picha. Bibi alisimama kabla ya kuingia, akainua pua, akasema, "Hapa panasagwa."

Ndani tukapanda ngazi iliyosimama wima, Bibi mbele, hataki kushikwa mkono. Sakafu ilikuwa inatetemeka. Na pale juu tukamkuta mwenye kinu, mzee mnene, unga umemjaa kwenye nyusi. Bibi akamwona, akacheka kwa sauti. "Haya! Huyu ni mwenzangu." Mbalizi Bibi alikuwa anarudi nyumbani na nyusi za namna hiyo hiyo kila siku ya Mungu.

Wewe hukuwa na habari nasi. Ulikuwa umesimama chini ya lile gurudumu kubwa la mbao, meno yake yakiingia na kutoka kwenye meno ya jingine, umeweka kiganja kwenye nguzo ili usikie mtetemo. Mdomo wazi. Nikakuita mara tatu. Nilifikiri umechoka. Ningejua kwamba pale pale ndipo safari ya kesho ilipoanzia, labda ningenyamaza hata hiyo mara moja.

Mashine ya kwanza ya Bibi ilikuwa ya mawe mawili, siyo hizi za nyundo za siku hizi. Wateja walitoka mbali na debe kichwani kwa sababu dona lake halikuwa na mchanga wala uchungu. Basi alichokifanya mle ndani kilikuwa cha kawaida kwake. Akaenda pale unga unapomwagikia kwenye gunia, akakinga kiganja, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaunusa. Akasogea, akagusa ubao uliofunika mawe. Yule mzee alikuwa anaeleza jambo, akaacha katikati. Alikuwa anaviangalia vidole vya Bibi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba na yeye hivyo hivyo ndivyo anavyoupima unga. Nchi mbili, na vidole ni vile vile.

"Anna," Bibi akaniambia, "mwambie jiwe lina moto. Ama mawe yamekaribiana mno, ama yameisha meno, yanahitaji kuchongwa. Unga unaungua. Utakuwa mchungu na hautakaa. Alegeze kidogo, halafu tuone."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anavyomwambia fundi mwenzake. Na ukutani palikuwa na nyundo ya kuchongea mawe imetundikwa, imechongoka pande zote mbili, pacha wa ile yake. Akainyooshea kidole, macho yanang'aa. "Hata wao wanayo!"

Mzee akamuuliza Hanneke kwa Kiholanzi, Hanneke akaniuliza mimi kwa Kiingereza: bibi anasemaje?

Wote walikuwa wananisubiri, Tumpe. Hata yule mzee alikuwa ameinama kidogo, ameweka mkono sikioni kwa sababu ya kelele za mawe. Nikawaza: ameingia kwenye kinu cha watu, mgeni, mama wa Mbalizi, anamwambia Mzungu kwamba hajui kazi yake! Nikasema, "Anasema ni pazuri sana. Anashukuru."

"Actually," ukaanza. Lilikuwa neno lako la mwaka ule, kila sentensi ilianza nalo. "Actually, Bibi said..."

Nikakufinya. Juu ya kiwiko, palepale penye nyama, kwa kucha, huku natabasamu. Ukakata sentensi. Yule mzee akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu anayepokea watalii. Akatuonyesha mahali pazuri pa kupigia picha.

Bibi hakujua Kiingereza. Lakini kufinya hakuhitaji mkalimani. Alituangalia mmoja mmoja, mimi, wewe, yule mzee, kisha akapangusa unga mikononi polepole mpaka ukaisha. Alitaka kukaa. Alitaka kuishika ile nyundo. Nikasema tumechelewa, tunatakiwa mahali pa kuonja jibini.

Ile picha ya kwenye friji, sisi watatu mbele ya mabawa, ndiyo ya dakika tano baadaye. Watu wakiuliza kwa nini Bibi amenuna, nimekuwa nikijibu kwamba alisikia baridi. Na wewe umeshika mkono wako juu ya kiwiko. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu huo mkono.

Kwenye ndege ulilala. Bibi akaniambia, akiangalia mbele, "Anna, leo umenifanya bubu mbele ya mtu wa kazi yangu."

Nikamwambia, "Mama, nilikuwa nakulinda."

"Na nani?"

Akavuta shuka lake, akafumba macho. Alikaa kwetu miezi mitatu, akakufundisha kukoroga uji usiwe na mabonge, akawachekesha majirani wote wa korido bila lugha, na hakulirudia neno lile tena. Mimi nikachukulia kwamba limekwisha. Amefariki, nimekwenda kumzika, na sikuwahi kumwomba msamaha. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mjukuu wangu huyu namlea peke yangu.

Utaniuliza nilikuwa namwogopa nani. Nimekaa hapa na ukelele wa msumari wako najaribu kujibu. Nadhani ilianzia sekondari. Nilipelekwa bweni Mbeya mjini, na wasichana wakagundua kwamba mama yangu ana mashine ya kusaga, wakaniita Binti Pumba. Ni jina tu, watoto wana majina mabaya kuliko hayo. Lakini siku moja ya wazazi Bibi alikuja moja kwa moja kutoka kazini ili awahi gari la mizigo, unga kwenye nywele, unga kwenye sikio, amebeba karanga za kukaanga. Nikamwona dirishani. Nikaenda kujifungia chooni. Nikakaa humo mpaka nikasikia matroni anamwambia, labda ametumwa mahali, mama, ziache tu. Nilitoka alipoondoka. Karanga nilizila zote, usinicheke, zilikuwa tamu na nilikuwa nalia.

Kwa hiyo unaona, kwenye kinu cha Uholanzi nilikuwa bado niko mle chooni. Na jana ukumbini pia.

*

Nimeacha kuandika kidogo kwa sababu Mama Kevin ameingia na kapu lake la nguo.

Akaniona naandika kwa mkono, akashangaa. "Unaandika nini hivyo? Mtihani?"

"Barua. Ya Tumpe."

"Aki wewe! Na simu ziko?" Akaanza kupanga nguo, nyeupe huku, za kazi huko. "Lakini umelea, Mama Tumpe. Engineer! Mimi Kevin wangu ananiambia ati yeye ni content creator. Sasa hiyo ni kazi gani?"

Ningeweza kucheka yakaisha. Nilikuwa nimeshaanza kucheka, kusema kweli. Halafu ule msumari ukagonga.

"Mama Kevin," nikamwambia, "jana nilidanganya."

Akageuka na soksi mkononi.

"Tumpe si injinia. Ni fundi seremala. Anakwenda kujifunza kutengeneza vinu vya upepo. Mama yangu alikuwa na mashine ya kusaga, na mjukuu wake anakwenda kuchonga vinu. Nilitaka kusema hivyo jana, ikanishinda."

Nilisubiri. Mwanamke mzima, mbele ya mashine za kufulia. Mama Kevin akanitazama kidogo.

"Fundi?" akasema. "Fundi wa mbao kabisa? Na mmekaa na mimi hapa miaka hii yote kabati yangu ikiwa imening'inia na bawaba moja? Anaondoka saa ngapi kesho?"

"Saa nane mchana."

"Basi saa mbili asubuhi awe kwangu. Nitapika mandazi." Akaitupa soksi kwenye mashine. Kisha akaongeza bila kelele, sauti ambayo sikujua kama anayo: "Baba yangu alikuwa fundi viatu, Nakuru. Mimi nilikuwa naambia watu yeye ni businessman."

Mashine zikazunguka. Kisha akaniambia mchungaji lazima aombe upya, kwa sababu Mungu sasa anamtafuta injinia ambaye hayupo.

Kwa hiyo una kazi kesho asubuhi. Beba bisibisi.

*

Sijui kama nilivyokufinya ndiyo sababu uliacha kuongea Kiswahili. Sitaki kujipa ukubwa huo, watoto wengi wa huku huitikia kwa Kiingereza na hawakufinywa na mtu. Lakini ninakumbuka kwamba kabla ya safari ile ulikuwa unaongea na Bibi kwenye simu mpaka salio linaisha, na baada yake ukawa unasikia kila kitu na kujibu "okay". Mimi nikawa nalalamika kwa watu, watoto wetu hawa wanaidharau lugha yetu. Nimelisema hilo mbele yako mara nyingi. Mtoto niliyemfundisha kwamba akisema alichosikia atafinywa, kisha namlaumu kwa kunyamaza.

Kazini kwangu haya ninayajua. Pale nyumba ya wazee huja watoto wao, watu wazima, wanasimama kando ya kitanda wananiambia: Mama hapendi chai, Mama hataki kutoka nje, Mama hasikii. Nami huinama, namuuliza mwenyewe taratibu, unapenda chai? Mara ngapi nimeambiwa ndiyo, na sukari mbili! Natoka pale nikiwa nimejipongeza. Halafu narudi nyumbani nakusemea mwanangu.

Novemba uliponionyesha kwenye simu kwamba wale mafundi wamekukubali, unakumbuka nilisema nini? "Na digrii je?" Ulikuwa umesimama mlangoni na viatu bado miguuni, umepanda ngazi mbio kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, unahema, unacheka. Cheko lile nilililipa kwa swali lile. Nimelirudia kichwani majira yote ya baridi. Ningependa kujibu tena, kama utaniruhusu. Jibu langu ni hili: Bibi angefurahi mpaka angepiga vigelegele vya kuamsha korido nzima. Na mimi pia nimefurahi. Nimefurahi kwa kuchelewa, lakini nimefurahi, na ninakuonea fahari.

Nataka uelewe kwamba ile siku sikuiharibu yote, na sisemi hivyo kujitetea. Bibi alikipata kile kicheko cha "huyu ni mwenzangu". Wewe ulilipata gurudumu lako. Nililipia matembezi ili nimwonyeshe mama yangu Ulaya, kumbe alikuwa anatembezwa mtoto wa miaka tisa ambaye hakuna aliyekuwa anamwangalia. Siku ikatoa ilichotoa, bila ruhusa yangu.

Utakosea huko. Utakata mbao fupi, utasema jambo wasilolielewa, watasema jambo usilolielewa. Utakuwa msichana mweusi peke yako juu ya jukwaa la ujenzi na wanaume wa vijijini wanaokushangaa. Sijui nikuambie nini kuhusu hilo, sijawahi kupanda jukwaa la ujenzi. Ninachokijua ni kwamba mtu akikuuliza unaonaje, anaweza kuwa anataka kujua kweli. Yule mzee alitaka kujua. Alikuwa ameweka mkono sikioni.

Sasa, chini ya masweta kwenye sanduku kubwa utakuta kitu kizito kimeviringishwa kwenye taulo la bluu. Usikihamishie kwenye mkoba wa mkononi, watakunyang'anya pale uwanjani. Ni nyundo ya Bibi ya kuchongea mawe. Nilipokwenda kumzika, wajomba zako waligawana mashamba na vitu vya ndani, mimi nikaomba hiyo, wakacheka wakanipa. Nimeificha kwenye kabati la koridoni nyuma ya kifyonza vumbi miaka yote hii kwa sababu sikujua ningekueleza vipi kwa nini naitaka. Mpini umelegea. Wewe ndiye unayejua kuurekebisha.

Kile kipeperushi kimo ndani ya taulo, na nyuma yake ule mwandiko wa Hanneke, jina la kijiji. Nimetazama kwenye ramani, ni saa moja na nusu kwa treni kutoka hapo utakapokaa. Ukipata Jumamosi moja, nenda. Yule mzee anaweza kuwa hayupo tena, alikuwa na umri. Lakini atakuwepo mtu mwenye unga kwenye nyusi. Panda ngazi, kinga kiganja chako, usugue unga, unuse. Kama mawe yako sawa, msifu. Halafu mwambie kwamba zamani alipita hapa mama mmoja wa Mbalizi, mwenye mashine yake, akaupima unga wa kinu hiki kwa vidole vyake, akasema: jiwe lina moto, legeza kidogo, halafu tuone.

Mwambie kwa Kiingereza, kwa Kiholanzi ukikijua, na ukipenda mwambie kwanza kwa Kiswahili, hata kama haelewi, ili yasikike humo ndani kama alivyoyasema mwenyewe. Usiongeze shukrani. Usiseme ni pazuri sana. Na kama ataudhika, audhike.

Kisha nipigie simu uniambie alivyojibu. Neno kwa neno, mwanangu. Usinipunguzie.

Mashine imesimama. Msumari wako nimeupata, nimeuweka kwenye bahasha hii.

Nisamehe kwa mkono ule.

Mama yako,
Binti Pumba